Ordinatere inakataa kuwaka: usiitupe mbio

Katika miji yetu ya migodi, toka Kolwezi mpaka Likasi, Lubumbashi na Kipushi, ordinatere ya mezani haiko tena kitu cha mabiro makubwa tu. Iko ku paroki, kwa kuandika batizo na ndoa. Iko ku masomo. Iko mu kajumba kadogo kandokando ya njia, fasi kijana anapiga TFC za wanafunzi, anatosha fotokopi, na jioni anarudisha mkate nyumbani.

Kiisha, asubuhi moja, unafinya butoni na mashini inanyamaza. Watu wa nyumba wanalia mara moja: «Imekufa!» Mmoja anataka kuiuzisha vipande vipande, mwingine anaita mufundi yeyote anayepita. Ngoja kwanza. Mara mingi ugonjwa ni mdogo, na dawa yake iko mu mikono yako mwenyewe. Tena kuko kitu kinachopita mashini kwa bei: kazi iliyoandikwa ndani yake. Mashini ingine inaweza kununuliwa. Lakini kazi ya mwanafunzi ya miezi sita, nani anaiuzisha ku soko?

Basi, mbele ya kugusa kitu, jiulize: inakataa namna gani? Kuko namna tatu, na kila moja ina njia yake.

1. HAIONYESHE UZIMA HATA KIDOGO

Hakuna taa, hakuna sauti, vantilateri haizunguke. Hapa anza inje, usianze ndani.

Chomeka ampule ama radio ku prize ileile. Ikiwa nayo haiwake, ugonjwa hauko wa ordinatere. Kama ampule inawaka lakini mwanga wake ni mwekundu na wenye kuzimazima, umeme ni mdogo, ngoja upande. Tosha ralonje na rekilateri, jaribu kuchomeka mashini moja kwa moja ku prize ya ukuta. Ralonje za bei rahisi zinaungua ndani bila kuonekana inje.

Angalia kamba ya umeme nyuma ya mashini. Isukume mpaka mwisho. Jaribu kamba ingine. Kisha angalia kama kuko butoni ndogo nyuma, yenye alama I na O. Sharti iwe upande wa I. Mara ngapi mutoto amepita na fagio akaigusa, na jamaa yote ikahuzunika bure!

Angalisho kwa wale wanaonunua mashini zilizotumiwa zamani katika inchi zingine. Nyuma ya mashini za zamani kuko mara nyingine kipande chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Kwetu umeme ni wa 220, kwa hiyo sharti kionyeshe 230. Ukichomeka mashini na hicho kipande kiko upande wa 115, utasikia mlio, na moshi utafuata. Kiangalie mbele ya kuchomeka mara ya kwanza.

Kama vyote ni vizuri, tosha kamba ku prize, finya butoni ya kuwashia na uishike kwa nusu dakika, ili umeme uliobaki ndani uishe. Rudisha kamba, jaribu tena. Nyuma ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, dawa hii nyepesi inaamusha mashini mingi.

Ikiwa inanyamaza bado, kuko mashaka juu ya kile kisanduku kinachogawanya umeme, mafundi wanakiita alimantasio. Mufundi atakijaribu kwa kuweka ingine iliyo nzima. Mwambie achunge: mashini za Dell na HP mara nyingine zina vichomekeo vya namna yao peke yao.

2. INAZUNGUKA, LAKINI EKRANI NI NYEUSI

Taa inawaka, vantilateri inalia, lakini haione kitu. Kwanza usishitaki ordinatere; pengine ekrani ndiyo mgonjwa. Iko na umeme wake? Kamba yake imekazwa pande zote mbili? Kama nyuma ya mashini kuko fasi mbili za kuchomeka ekrani, moja juu na ingine chini mu karte ya picha iliyoongezwa, chomeka ku ile ya karte. Jaribu ekrani ya jirani ukiweza.

Kisha sikiliza. Mashini zingine zinalia «bip» mara kadhaa. Hiyo ni lugha yao ya kusema fasi gani inauma. Hesabu milio hiyo, ndefu na fupi, na uiandike mu karatasi: kila kampuni ina hesabu yake, na mufundi atakushukuru.

Ugonjwa unaojulikana sana hapa ni wa memwari, ile mibao midogo myembamba iliyosimama ndani. Kwetu, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi jekundu la barabara za migodi linaingia kila fasi. Mvua ikikuja, unyevu unakutana na lile vumbi. Ile midomo ya rangi ya zahabu haigusane tena vizuri.

Fanya hivi. Tosha kamba ya umeme, siyo kuzima tu. Fungula ubavu wa mashini na turnevisi. Gusa chuma cha sanduku na mkono, ili umeme mdogo wa mwili wako utoke. Fungula vishikio, vuta memwari polepole, pangusa midomo yake na kitambaa kikavu na safi, ama na kifutio cheupe cha karamu ya risasi. Tosha makombo na burashi laini na kavu. Irudishe mpaka usikie vishikio vinajifunga. Kama ziko mbili, jaribu moja moja, na ubadilishe fasi zao. Ikiwaka na moja na kukataa na ingine, umeona mwenye kosa.

3. INAANDIKA KITU, KIISHA INASIMAMA

Hapa kuna tumaini kubwa, kwa sababu mwili wa mashini unaishi. Inasema haione diski ya kuanzia? Tosha flashi na kila kitu ulichochomeka, iwe imprimante ama simu, uwashe tena. Mara mingi ilikuwa inatafuta Windows mu flashi ya mutu, na haikuikuta.

Kama saa na tarehe zimerudi ku mwaka wa zamani, pile ndogo ya duara iliyo ndani imechoka. Jina lake ni CR2032, ya volti 3. Mashini imesahau mpango wake, pamoja na diski gani ianze nayo. Badilisha pile, kisha rudisha tarehe na mpango.

Kama Windows inaanza halafu inaanguka, usihangaike. Windows 10 na 11, zikishindwa kuanza mara mbili tatu mfululizo, zinafungua zenyewe ukurasa wa kujiponya. Chagua kwanza kutengeneza mwanzo. Ikishindikana, chagua kurudi ku hali ya siku zilizopita. Lakini soma vizuri kila neno: kuko fasi inayosema kufuta vyote. Usiifinye kama haujachunga mafaili fasi ingine.

Na kama unasikia diski inagonga «tak, tak, tak», zima mara moja. Diski ya namna hiyo inakaribia kufa, na kila mara unapoiwasha unaiua zaidi. Ipeleke kwa mutu anayejua kuokoa mafaili.

MAMBO YA KUKATAA

Usifungule alimantasio hata kidogo. Ndani yake kuko vitu vinavyochunga umeme hata nyuma ya kutosha kamba, na umeme huo unaweza kuua mutu. Usitie mafuta wala maji. Usipulize vumbi na mdomo, mate yanaingia. Tumia burashi laini na kavu, inje ya nyumba, na ushike vantilateri kwa kidole isizunguke.

Na juu ya mafundi: wako wengi waaminifu, lakini wako pia wanaosema mara moja «tuweke Windows mupya» mbele ya kuuliza kama kuna kazi ndani. Wewe njo unapaswa kusema wa kwanza: «Mbele ya yote, nitoshee mafaili.» Hata mashini ikifa kabisa, diski yake ikiwa nzima, na ikiwa haikufungwa kwa ufunguo wa siri, inaweza kuchomekwa mu mashini ingine na kazi yote ikaokolewa. Mwambie pia arudishe kila kipande alichotosha, hata kilichoharibika.

KINGA INAPITA DAWA

Umeme ukikatika, tosha kamba ku prize. Ukirudi, ngoja dakika chache, kwa sababu unarudi mara nyingine kwa nguvu ya kuunguza. Radi ikianza kunguruma mu mvua za mwezi wa kumi na moja, usiache mashini imechomekwa. Funika ordinatere na kitambaa usiku, lakini kitoshe mbele ya kuwasha, vile mashini nayo inahitaji kupumua.

Ninyi vijana munaoandika TFC, na ninyi mabibi na mabwana wa sekretariati za paroki: kila kazi ya maana ikae fasi mbili, moja mu ordinatere, ingine mu flashi ambayo haikae mu meza ileile. Mwivi akija, ama mvua ikipita mu bati, anapata moja tu. Fanya nakala hiyo leo jioni, wakati mashini yako ingali inawaka vizuri.