Kuzimisha mashini ama kuilaza?

Siku hizi wengi wetu tunaandika mahubiri, hesabu za parokia na orodha za wakatekumeni kwa ordinateri ndogo ya kubebeka. Jioni tunafunga kifuniko chake, tunakwenda kulala. Je, mashini imezima? Mara nyingi sivyo: imesinzia tu. Mimi sikujua tofauti hiyo, nikapoteza kazi ya siku tatu.

Tufahamu kwanza neno moja. Mashini ina mahali pawili pa kuweka maandiko. Pa kwanza ni kumbukumbu ya upesi: ndani yake mna kazi unayoifanya sasa. Hiyo inaishi kwa umeme tu; umeme ukikosa, yote yanafutika. Pa pili ni diski: yaliyowekwa humo yanadumu hata bila umeme.

Mashini ikilala, kioo chake kinazimika, lakini kumbukumbu ya upesi inaendelea kula umeme kidogo kidogo. Ni kama taa ya mafuta iliyoshushwa utambi: mwanga umepungua, lakini mafuta yanakwenda. Faida ni kwamba ukiifungua, unakuta ukurasa wako mara moja. Hatari ni kwamba batri ikiisha, yale yasiyowekwa kwenye diski yanaweza kupotea. Ndivyo ilivyonipata. Niliilaza mashini yenye majina ya wabatizwa wa Pasaka, umeme ukakatika siku mbili. Ilinipasa kuwaita tena makatekista, waje kwa miguu na madaftari yao.

Mashini ikizimishwa, kumbukumbu ya upesi inakuwa tupu na batri inapumzika. Kuiwasha tena kunakawia kidogo, basi.

Kuna na njia ya tatu, ndiyo usingizi mzito. Kwa Kifaransa imeandikwa « Mettre en veille prolongée ». Mashini inanakili kazi yako yote kwenye diski, kisha inazima. Si kila mashini inaionyesha njia hiyo.

Sasa tufanye nini?

1. Ukiondoka kwa saa moja ao mbili, kwa sala ao kwa chakula, ilaze.

2. Usiku, kama umeme si wa kutumainiwa, izimishe.

3. Kabla ya safari, izimishe. Mashini iliyolala inaweza kuamka ndani ya mfuko na kupata moto. Na moto unazeesha batri. Tena, kama diski imefungwa kwa ufunguo wa siri, ufunguo huo unabaki katika kumbukumbu mashini ikilala. Mwenye kuchunga mambo ya siri ya watu asisahau hilo.

4. Mashini ikigonjwa, usiridhike na kuizimisha. Tangu Windows 8, mwaka 2012, mashini nyingi zikizimishwa zinaweka sehemu ya programu kubwa kwenye diski, zipate kuwaka upesi. Hivi kosa linaweza kurudi nayo. Chagua « Redémarrer »: hapo inaanza upya kweli.

Wengine wanaogopa kwamba kuzimisha kila siku kunaharibu mashini. Wasiogope: mashini za sasa zinavumilia hayo bila shida.

Lakini kabla ya kuilaza ao kuizimisha, weka kazi yako kwenye diski. Yaliyo ya thamani, kama majina ya wabatizwa, yaandike vilevile katika kitabu cha karatasi. Kitabu hakina batri ya kuisha.