Maganda ya Mahindi Yaweza Kuwa Picha

Ndugu mkulima, ukisha kupukuchua mahindi yako, maganda huyafanyia nini? Yale ya kulisha ng'ombe yaache, maana maziwa huja kwanza. Lakini yale unayoyachoma uani yana nyuzi nzuri, na nyuzi ndizo karatasi. Kwa karatasi hiyo waweza kufanya picha iliyoinuka, yaani ukipitisha kidole wasikia mishipa ya jani.

Jambo hili si geni katika Kenya. Kule Mwaluganje, kaunti ya Kwale, wakulima waliosumbuliwa na ndovu walitoa mashamba yao mwaka 1995 yawe hifadhi, na baadaye karatasi ikatengenezwa kwa mavi ya ndovu hao. Ndovu huyeyusha chini ya nusu ya chakula chake, na nyuzi za majani hutoka nzima. Wewe huna ndovu (na heri yako), lakini maganda unayo.

Kata maganda vipande vifupi, uyachemshe kwa maji ya majivu muda wa saa tatu au zaidi. Usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu maji hayo huila. Tumia debe la chuma au chungu. Wala usiyaguse kwa mkono mtupu, na watoto wakae mbali. Ganda likikatika kwa kuvutwa kidogo tu, limeiva. Osha mpaka utelezi uishe, kisha twanga kinuni hata yawe rojo laini.

Sasa yatakiwa kalibu, yaani kitu cha kutolea umbo. Mwombe mama mfinyanzi bamba la udongo mbichi. Twaa jani la mpapai, mishipa yake ielekee udongo, ulikandamize, uliondoe. Bamba likikauka lichomwe pamoja na vyungu vyake.

Koroga rojo katika karai la maji, uchote kwa kiunzi cha mbao kilichowambwa waya wa chujio. Maji yakichuruzika, pindua karatasi juu ya kalibu. Ongeza ya pili na ya tatu, ukikandamiza kwa kitambaa mpaka rojo iingie katika kila mfereji wa mshipa.

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Kwa haraka yangu niliibandua jioni ile ile, na mishipa yote ikalala. Nikabaki na kitu kama chapati. Mara ya pili niliiacha kivulini siku tatu, ikajitenga yenyewe, na kila mshipa umesimama. Juani usiiweke, hujikunja.

Tafadhali usitengeneze ishirini kwanza. Tengeneza tatu, uwaonyeshe wenye maduka ya vitu vya wageni, usikie bei, kisha uhesabu kuni ulizochoma. Bei isipozidi kuni, maganda yarudi kwenye lundo la mbolea.

Kalibu yangu iko afisini, juu ya kabati la mbegu. Ukija kwa shauri lingine, iulizie.