Jino, Hewa na Kina cha Bahari
Mzamiaji arudi lini majini baada ya kutibiwa meno?

Maji ya mto Rufiji yakaribiapo bahari hugawanyika katika mikono mingi, yakapita katikati ya mikoko na kumwaga tope lake katika mlangobahari utenganishao bara na kisiwa cha Mafia. Kwa sababu ya tope hilo, mtu atakaye kutazama matumbawe hazamii mbele ya delta. Huvuka kutoka Nyamisati, katika Wilaya ya Kibiti, hadi Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995. Huko, katika ghuba ya Chole, wazamiaji hushuka na mitungi ya hewa mgongoni.

Tuchukue mfano wa kijana wa Nyamisati ambaye kazi yake ni kuwaongoza wazamiaji hao. Siku ya Jumatatu amefika Kibiti, akang'olewa gego moja la juu na kuzibwa jingine. Jumamosi anatakiwa kazini, na asipozamia hapati ujira. Je, aende? Wengi watadhani kwamba swali hili ni la daktari peke yake. Lakini nusu ya jibu imo katika kitabu cha fizikia cha sekondari.

Kanuni ya Boyle

Mwaka 1662 Robert Boyle alieleza kwamba, halijoto isipobadilika, ujazo wa gesi hupungua kwa kadiri kanieneo inavyozidi. Juu ya uso wa bahari twabeba kanieneo ya angahewa moja. Kila mita 10 za maji ya chumvi huongeza takriban angahewa moja nyingine. Kwa hiyo puto lenye sentimita 12 za ujazo za hewa litakuwa na 6 katika kina cha mita 10, na 4 katika mita 20, na 3 katika mita 30. Mwanafunzi aangalie kwamba badiliko kubwa kuliko yote limetokea katika mita 10 za kwanza. Basi asidanganyike mtu kwamba kina kifupi hakina madhara.

Kwa nini jino liume?

Nyama na damu, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji, hazibonyei. Kinachobonyea ni hewa iliyomo mwilini. Jino zima halina hewa. Bali jino lililooza, au lililozibwa vibaya, laweza kuficha kijishimo cha hewa. Mzamiaji ashukapo, hewa hiyo yataka kusinyaa, lakini kuta za jino ni ngumu na hazimfuati. Damu na majimaji huvutwa kuelekea kwenye kijishimo, na mshipa wa fahamu huumia.

Hatari ya pili huja wakati wa kupanda. Ikiwa pana ufa mwembamba, hewa ya mtungi hupenya humo polepole wakati mzamiaji yuko chini. Apandapo, hewa hutanuka upesi kuliko inavyoweza kutoka, na kizibo chaweza kung'oka au jino likapasuka. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani waliorushwa juu sana walipatwa na maumivu ya namna hii, kwani kwenda juu angani pia hupunguza kanieneo.

Pengo la gego la juu lina jambo lake. Ndani ya mfupa wa shavu mna uwazi wenye hewa, na mizizi ya magego huukaribia sana. Pengine jino ling'olewapo hubaki tundu kati ya kinywa na uwazi huo, na kanieneo ikibadilika, hewa na vijidudu hupita hapo. Tena, mzamiaji huuma kipande cha mpira ili avute hewa. Midomo yenye ganzi haiwezi kukishika barabara, na kukiuma huku na huku kwaweza kung'oa donge la damu linaloponya pengo.

Maumivu yenyewe hayaui. Kinachoua ni haraka. Mtu aliyeshikwa na maumivu makali katika mita 20 hutaka kukimbilia juu. Naye akizuia pumzi, hewa iliyomo mapafuni hutanuka na kuyapasua.

Jibu

Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Meno limeshauri mtu asizamie kwa saa 24 baada ya matibabu yaliyohitaji ganzi, na kwa siku 7 baada ya upasuaji. Kung'oa gego ni upasuaji, na Jumamosi ni siku ya tano tu. Kijana wetu asizamie. Hata siku 7 zikitimia, daktari alitazame pengo kwanza, maana muda peke yake si ushahidi wa kupona. Naye tangu mwanzo amwambie daktari kazi yake, ili kizibo kisiachiwe nafasi ya hewa. Mwajiri mwenye busara atampa kazi ya chomboni kwa juma hilo.

Jaribio la darasani

Chukua bomba jipya la sindano, lisilo na sindano yenyewe. Vuta mchi hadi katikati, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha usukume: hewa itasinyaa. Sasa uvute mchi nje huku kidole kimeziba. Utaona ngozi ya kidole ikivutwa ndani. Hivyo ndivyo nyama iliyo ndani ya jino ivutwavyo mzamiaji anaposhuka.