Elimu ya Kiklasiki Nyumbani: Mzazi Achague Mtaala Gani?

Baadhi ya wahitimu wetu wa Kiswahili wamehamia Marekani, na huko wamekuwa wazazi. Swali ambalo wamewahi kutuletea ni hili: “Mwanangu ana miaka saba. Nataka kumsomesha nyumbani kwa elimu ya kiklasiki. Nichukue mtaala upi?” Makala hii inakusudia kulijibu, kwa sababu swali lenyewe, likichunguzwa vizuri, ni swali la lugha.

Kwanza sheria. Elimu ya nyumbani inaruhusiwa katika majimbo yote 50 ya Marekani, ila masharti hutofautiana. Katika jimbo la New York mzazi hutakiwa kutoa taarifa, kuwasilisha mpango wa masomo na kupeleka ripoti kila robo ya mwaka. Huko Texas halazimiki kujiandikisha. Mzazi ajue sharti la jimbo lake kabla ya kununua kitabu chochote.

Elimu ya kiklasiki ni nini?

Katika Ulaya ya Enzi za Kati, msomi alipitia sanaa saba. Tatu za mwanzo zilikuwa sarufi, mantiki na balagha. Zilijulikana kwa neno la Kilatini trivium, yaani mahali zinapokutana njia tatu. Nne zilizofuata zilikuwa hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Tunaona basi kwamba msingi wote ulikuwa lugha: kuielewa, kufikiri kwayo, na kuitumia kushawishi.

Mwaka 1947 Dorothy Sayers, mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, alitoa mhadhara Oxford akizilinganisha sanaa hizo tatu na hatua za kukua kwa mtoto. Mtoto mdogo hupenda kukariri; akikua kidogo hupenda kubishana; akibalehe hutaka kujieleza. Mwaka 1999 Jessie Wise na bintiye Susan Wise Bauer walichapisha The Well-Trained Mind, kitabu kinachowaongoza wazazi kwa mpango wa miaka 12 uliogawanywa katika vipindi vitatu vya miaka minne. Historia husomwa tangu zama za kale hadi za sasa, kisha hurudiwa kwa kina zaidi katika kila kipindi.

Hapa inafaa kutahadhari. Katika Enzi za Kati sanaa hizo zilikuwa masomo, si ngazi za umri. Mtoto wa miaka saba anayeuliza “kwa nini?” asinyamazishwe eti bado yumo katika hatua ya kukariri.

Mambo ya kupima

Kwanza, muda wa mzazi. Mtaala wa namna hii hudai masimulizi ya mdomo, kunakili na imla. Kazi hizo haziendi bila mtu mzima kuketi na mtoto.

Pili, uwezo wa mtoto. Mpe ukurasa mmoja asome, kisha akusimulie kwa maneno yake mwenyewe. Jibu lake litakuonyesha aanzie wapi kuliko umri wake.

Tatu, msimamo wa mchapishaji. Mitaala mingi ya aina hii hutungwa na Wakristo, na imani hiyo huonekana katika masomo. Mzazi asome somo moja zima la mfano kabla ya kulipa.

Nne, lugha. Mitaala kadhaa, kama ile ya Memoria Press, hukipa Kilatini nafasi kubwa. Sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba Kilatini humzoesha mtoto kuona upatanisho wa maneno: liber bonus, libri boni. Lakini mwalimu wa Kiswahili ataitambua kazi hiyo mara moja: kitabu kizuri kimepotea, vitabu vizuri vimepotea. Ngeli zetu humdai mtoto uangalifu uleule.

Hatusemi Kiswahili kichukue nafasi ya Kilatini kwa kila jambo. Anayetaka kusoma maandishi ya Warumi hana budi kujifunza lugha yao. Tunachosema ni kwamba siku ya mtoto ina saa chache. Mzazi anayemwongezea mwanawe Kilatini huku Kiswahili cha nyumbani kikififia, huenda akapata sarufi akapoteza mazungumzo ya mtoto na bibi yake.

Kwa hiyo jibu letu kwa wahitimu hao ni hili: chagueni mtaala mtakaoweza kuufuata kila siku, na mwutengee Kiswahili saa yake humo. Methali zikaririwe, vitendawili vijadiliwe, kisha kijana asimame na kutoa hotuba. Sarufi, mantiki na balagha zote zitakuwa zimefundishwa.

Walimu na wanafunzi wenye mawazo tofauti wanakaribishwa kuyaleta kwa toleo lijalo.