Nani Avute Boti?

Tabora iko katikati ya nchi kavu. Uelekee Ziwa Viktoria au Ziwa Tanganyika, utakwenda mamia ya kilometa kabla hujaona wimbi. Hata hivyo, tangu karne ya 19 watu wamekuwa wakipitisha boti katika nchi hii ya miombo. Leo mwenye boti ya faiba anayetaka kuitoa Dar es Salaam kwenda Kigoma kwa njia ya Manyoni, Tabora na Urambo anajiuliza swali lile lile walilojiuliza wenye misafara: aivute nani, na huyo mvutaji atakula nini njiani?

Zamani jibu lilikuwa mpagazi. Mnyamwezi mzoefu alichukua mzigo wa kilo 30 hivi, akatembea nao kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kilometa zipatazo 1,200. Chochote kilichozidi kipimo hicho kilipaswa kukatwa au kuachwa. Mpelelezi Richard Burton aliiacha pwani boti yake ya bati, Louisa, kwa kukosa watu wa kuibeba. Yeye na mwenzake John Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 ikabidi waombe mitumbwi ya kukodi, tena kwa bei ya mgeni asiye na njia nyingine.

Mpelelezi Henry Stanley alikuja amejipanga. Boti yake, Lady Alice, iliundwa Teddington, Uingereza, kwa mbao nyepesi za mwerezi. Ilikuwa na urefu wa mita 12 na ilifunguka vipande vitano. Vipande hivyo vilipofika Unguja na kupimwa, vilikuwa vizito zaidi ya mara mbili ya alivyoagiza, na vipana mno kwa njia ya msituni ambayo watu hupita mmoja nyuma ya mwingine. Seremala akavikata upya. Msafara uliondoka Bagamoyo Novemba 1874, ukaacha barabara kuu ya Tabora huko Ugogo na kushika njia ya kaskazini. Mwishoni mwa Februari 1875 boti ilifika Kagehyi, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Baadaye ilizunguka Ziwa Tanganyika, kisha ikateremka mto Kongo. Sifa amepewa Stanley; shingo zilizoibeba zilikuwa za watu wengine.

Kwa nini hawakutumia ng'ombe? Walijaribu. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price aliwajaribu maksai kutoka Saadani hadi Mpwapwa, wakaonekana wanafaa. Mwaka uliofuata, msafara kamili wa magari ya ng'ombe ulipoanza safari, wanyama wakafa. Mkosaji alikuwa mbung'o, ingawa ilikuwa bado haijajulikana kwamba mdudu huyo hupitisha vijidudu kwenye damu. Jambo hilo daktari David Bruce alilithibitisha Afrika Kusini katika miaka ya 1890. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akaleta tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani. Tembo mzima hula zaidi ya kilo 100 za majani kwa siku, na anayebebeshwa mizigo mchana kutwa hapati muda wa kuzitafuta. Aliyefika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, alikuwa mmoja tu.

Wamisionari wa London walipoleta boti yao ya chuma, Morning Star, mwaka 1882, walirudi kwa binadamu, lakini safari hii wakampa gurudumu. Vipande vya boti vilifungwa kwenye mikokoteni iliyovutwa na watu, na mwaka 1883 vikafika Ujiji. Gurudumu hubeba uzito. Mvutaji hubaki na kazi ya kushinda msuguano tu. Ndiyo maana mtu anayelemewa na kilo 40 kichwani anaweza kusukuma mkokoteni wa mamia ya kilo pale ardhi ilipo ngumu na tambarare.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kilitokea ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walileta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, ili kupambana na meli za Wajerumani. Boti hizi, zenye urefu wa mita 12 kila moja, zilikuja kwa treni kutoka Cape Town hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo zilivutwa kilometa zipatazo 230 kuvuka milima ya Mitumba kwa mitambo miwili mikubwa ya mvuke. Nguvu haikuwa shida ya mitambo hiyo. Shida ilikuwa kiu. Madaraja yalilalamika chini ya uzito wake, miti ilikatwa kwa ajili ya tanuri, na maji yalipopungua wanawake wa vijiji vya jirani waliajiriwa kuyabeba vichwani. Penye miinuko mikali ng'ombe waliongezwa kuvuta. Boti zilifika, na tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Lakini hesabu ya mafuta ilikuwa mbaya: sehemu kubwa ya jasho ilikwenda kuhudumia mvutaji, si boti.

Wajerumani wenyewe walikuwa na reli. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na juu yake meli nzima, Graf von Götzen, ilipita ikiwa ndani ya makasha yapatayo 5,000. Ndiyo Liemba ya leo.

Sasa tuje kwenye tela. Tuseme boti yako, injini yake na tela vina kilo 1,500 kwa pamoja. Kwenye lami tambarare, kwa mwendo wa taratibu, nguvu inayohitajika kulivuta tela hilo ni kama ya kuinua ndoo moja ya lita 20 iliyojaa maji. Kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, ndoo hiyo inakuwa kilo 150 na ushee. Kwenye mchanga laini inaweza kuongezeka mara kumi au zaidi. Upepo nao una hesabu yake: ukitoka kilometa 80 kwa saa hadi 100, ukinzani wa hewa hupanda kwa zaidi ya nusu. Boti yenye kioo na kibanda ni ukuta unaotembea, kwa hiyo dereva mwenye haraka hulipia haraka yake kwenye kituo cha mafuta.

Wengi wakisikia kuvuta boti hufikiria Land Cruiser ya mkonga, ile yenye injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo. Ni gari la heshima. Lakini nguvu yake ya kuzungusha ni nyutoni-mita 285 hivi. Pikapu ya Hilux yenye injini ya lita 2.4, turbo na gia otomatiki hutoa 400, tena injini ikizunguka polepole. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda ndogo, na mafuta huchomwa vizuri. Na siku nyingi za mwaka gari halivuti boti. Linakwenda sokoni, shambani, msibani, na injini kubwa haiachi kula kwa sababu tela limebaki nyumbani.

Simdharau mkonga. Injini yake ya zamani huvumilia dizeli chafu, na fundi wa Kaliua ataifungua bila kompyuta. Nozeli za injini mpya haziwezi kustahimili maji kwenye mafuta. Anayechagua gari dogo abebe chujio la akiba, na asinunue dizeli ya madumu.

Tena kuna tarakimu za kusoma kabla ya kulipa. Pikapu nyingi mpya za kabini mbili huruhusiwa kuvuta hadi tani 3.5, lakini kwa tela lenye breki zake. Lisilo na breki, mwisho ni kilo 750. Mwisho huo watu hawausomi, ndiyo maana unaona tela likimsukuma dereva kwenye mteremko. Shingo ya tela nayo inapaswa kulalia gari kwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 150 kwa boti yetu. Ukiipunguza, tela hutikisa mkia. Ukiizidisha, magurudumu ya mbele ya pikapu huwa mepesi na usukani hupoteza kauli. Kilo hizo utazitoa kwenye uwezo wa bodi, kwa hiyo magunia ya mchele kutoka Nzega yatasubiri safari nyingine.

Gari dogo huumbuka mwaloni. Kuteremsha boti ni rahisi. Kuipandisha kwenye mteremko wenye utelezi wa mwani kunahitaji gia nzito na magurudumu manne yanayovuta. Pikapu ya magurudumu mawili itazungusha matairi hapo hata injini iwe na nguvu kiasi gani, kwa hiyo usiinunue kwa kazi hii. Na ukifika Kigoma usikimbilie majini. Bearingi za tela zimepata moto njia nzima kutoka Tabora. Zikizamishwa ghafla, hewa iliyomo hunywea na kuvuta maji ndani, yakaharibu grisi. Gusa kitovu cha gurudumu kwa kiganja, na kama bado kinachoma, agiza mgebuka wa kukaanga kwanza.