Spea ya Slaidi ya Tuba: Pima Kwanza, Agiza Baadaye

Slaidi kuu ya tuba ikipotea au ikichakaa, wengi huagiza spea kwa jina la modeli. Mimi nashauri kipimo kitangulie, kwa sababu mrija wa tuba hutanuka kadiri unavyokaribia kengele yake. Kipenyo cha katalogi, kwa mfano milimita 19.6 za Miraphone 186, ni cha mirija ya valvu. Slaidi kuu ikikaa baada ya valvu huwa pana zaidi, na hata miguu yake miwili huweza kutofautiana. Pima kipenyo cha ndani cha mrija wa nje uliobaki kwenye tuba, maana humo ndimo mrija mpya utakamoingia. Pima mdomoni na ndani zaidi, kila mahali kwa pande mbili zinazokatana, kwani mrija uliogongwa huwa umbo la yai. Mrija mpya upungue sehemu chache tu za mia za milimita: ukizidi utakwama, ukilegea utavujisha hewa. Kalipa haifai hapa, kwa kuwa taya zake bapa husoma tundu la duara pungufu. Tumia geji ya tundu, kisha mikromita. Usisahau umbali kati ya miguu, katikati hadi katikati.

Yupo atakayesema kiwanda kinajua kilichokitengeneza, namba ya tuba inatosha. Kwa tuba changa isiyoguswa na fundi, sawa. Lakini bendi za shaba za Uingereza zilipiga kwa sauti ya juu, karibu hezi 452 kwa noti ya A badala ya 440, hadi miaka ya 1960, na tuba nyingi zikaja kurefushwa. Kwenye mrija wa mita 5.5 tofauti hiyo ni kama sentimita 15. Namba iliyochongwa haitakwambia nani aliongeza wapi. Wengine hutaka bomba la maji la shaba kwa kuwa ni rahisi, ilhali saizi zake za kawaida za Uingereza huruka kutoka milimita 15 hadi 22 hadi 28, na sisi tunatafuta sehemu za mia.

Ikiwa mrija wa nje nao umelika, nunua jozi nzima, wa ndani na wa nje, iliyosagwa pamoja. Na ukiandikia muuzaji wa Marekani, mpe vipimo kwa inchi pia, kabla ya kulipa.