Mohamed Amin: kijana wa Dar aliyeilazimisha dunia iione njaa

Wadau, siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha. Basi likipinduka kwenye kona za njia ya Songea–Mbinga, au mtumbwi ukizama kule ziwani, dakika kumi nyingi, picha za majeruhi zimeshafika Dar kabla ndugu hawajapewa taarifa. Ndiyo maana leo nimeona tumzungumzie Mohamed Amin. Suala la kumpiga picha mtu aliye taabani jamaa huyu alikutana nalo mara nyingi mno.

Kwa wale wasiomfahamu, "Mo" alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943, katika familia yenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Familia ikahamia Dar es Salaam Mo akiwa bado mdogo, na Dar ndiko alikojifunza kazi. Alianza akiwa mwanafunzi na kamera ya mtumba, Box Brownie. Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, akafungua kampuni yake ya Camerapix pale pale Dar.

Mwaka uliofuata yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar, naye akayafuata na kamera yake. Lakini 1966 Zanzibar hiyo hiyo ilimtia ndani. Akasota gerezani karibu mwezi mzima, akatoka amekonda, kisha akafukuzwa nchini. Akahamia Nairobi na kampuni yake. Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi, Mo alikuwa kati ya waandishi wa kwanza kufika.

Kilichomfanya ajulikane dunia nzima ni Ethiopia, 1984. Serikali ya Mengistu ilikuwa imetoka kusherehekea miaka 10 ya mapinduzi yake huku kaskazini watu wanakufa njaa. Waandishi walikuwa wanazuiwa kwenda huko. Mo alihangaika na vibali mpaka yeye na Michael Buerk wa BBC wakaruhusiwa. Walipofika Korem alfajiri, walikuta maelfu ya watu wamelala nje kwenye baridi, wengine wameshakata roho. Taarifa ikarushwa BBC tarehe 23 Oktoba 1984, na baadaye vituo zaidi ya 400 duniani vikaionyesha.

Kilichofuata wengi mnakijua. Bob Geldof aliiona akawakusanya wanamuziki wa Uingereza, Wamarekani nao wakaja na "We Are the World", na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid. Misaada ikamiminika. Watu laki kadhaa walikufa katika njaa ile, ila wapo wengi waliopona kwa sababu dunia ililazimika kutazama.

Sasa hapa ndipo penye mjadala. Wapo wanaosema picha zile zilituachia sura moja tu: Mwafrika ni mtoto mwenye mbavu nje anayesubiri gunia la mzungu. Isitoshe, watazamaji walielewa kwamba tatizo ni ukame peke yake. Ukweli ni kwamba kulikuwa na vita Tigray na Eritrea, jeshi lilishambulia masoko, na chakula kiligeuzwa silaha. Picha inaonyesha mwenye njaa. Aliyemnyima chakula haonekani, mpaka maneno yaeleze.

Mimi naona lawama hiyo ina ukweli, lakini tusimtwishe Mo yote. Huyu hakuwa mtu wa misiba tu. Alitoa kitabu cha picha za Hija ya Makka 1978, kingine cha watu wa Ziwa Turkana 1981, na 1984, mwaka ule ule wa Korem, akatoa na wenzake kitabu cha safari ndani ya Tanzania. Humo watu wako kazini, kwenye ibada, kwenye maisha yao. Televisheni za nje zilichagua njaa kwa sababu njaa ndiyo iliyokuwa habari kwao.

Na yeye mwenyewe aliilipia kazi hii. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto, na mwenzake wa sauti, John Mathai, akafa. Mo akawekewa mkono wa bandia akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia aliyopanda ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Komoro. Kati ya watu 175, walikufa 125, naye akiwemo. Mwanawe Salim ndiye aliyeendeleza Camerapix na hazina ya mamilioni ya picha.

Tofauti ya Mo na sisi wa simu iko hapa: yeye alihangaikia kibali ili watu wa Korem wapate msaada, na picha yake ilikwenda na maelezo ya mahali na hali yao. Sisi tunamrusha majeruhi kwenye makundi bila jina wala sababu, na hakuna anayepata hata damu ya kuongezewa. Kama picha inaweza kuleta gari la wagonjwa au kumfanya mkubwa fulani atengeneze kona mbovu, ipigwe. Kama ni ya kutazamana tu, mshike mkono majeruhi kwanza.

Au nyie wadau mnaonaje? Angekuwa mama yako, ungetaka apigwe?